Ea klina ya koni kwenye Vitz, IST au Fit: pima kabla hujanunua

Anayeuza ea klina ya koni, ile nyekundu au ya bluu inayofungwa wazi kwenye bomba la kung'aa, huahidi mambo mawili: gari litachanganya haraka na litakula mafuta kidogo. Kwa Vitz, IST, Passo, Fit au Demio ya kwenda kazini na kurudi, ahadi ya pili si kweli, na ya kwanza ni kweli kwa kiasi kidogo sana, tena kwa masharti. Hii haina maana kwamba mfumo wa hewa usiguswe. Yapo mabadiliko yenye faida, ila mengi yanaanzia ndani ya boksi la kiwandani, na yanahitaji rula kabla ya pochi.

Fungua boneti kwanza uangalie ulichonacho. Hewa inaingia kwenye mdomo wa plastiki uliowekwa mbele karibu na rejeta au ndani ya madigadi, mahali ambapo joto la injini halifiki. Inapita kwenye boksi lenye chujio bapa la karatasi, kisha kwenye bomba lenye sensa, halafu kwenye mpira wenye mikunjo hadi kwenye throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta. Mara nyingi kuna pia chemba tupu ya plastiki pembeni ambayo watu huing'oa kwa kuiona haina kazi. Kazi yake ni kuua mvumo na kutuliza mapigo ya hewa kila valvu zinapofunguka. Ukiitoa unapata kelele, nguvu hupati.

Kwenye magari yaliyotumika, hasa yaliyokwisha kupita mikono ya mafundi kadhaa, mdomo ule umevunjika au umepotea, klipu za boksi zimekatika na kifuniko kimefungwa kwa waya. Gari la namna hiyo linavuta hewa ya moto kutoka juu ya injini na vumbi kutoka pembeni mwa chujio. Kutafuta mdomo na boksi zima mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa wanaouza vipuri vya magari yaliyokatwa, kutalifaa zaidi kuliko koni yoyote. Hilo ndilo badiliko la kwanza ninaloshauri, ingawa halina rangi ya kuonyesha watu.

Hewa inayohitajika, na hewa inayozuiwa

Chukua injini ya 2NZ-FE, ya Vitz na IST za sentimita za ujazo 1,298. Ni injini ya mipigo minne, kwa hiyo silinda zote hujaa mara moja kila mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika ingemeza lita 3,900 hivi za hewa kwa dakika kama ingejaa kikamilifu. Ukikadiria ujazo halisi wa asilimia 85, ni kama lita 3,300. Boksi la kiwandani lenye chujio safi linapitisha kiasi hicho kwa kupoteza msukumo mdogo, kilopaskali 1 au 2 hivi, wakati msukumo wa hewa usawa wa bahari ni kama kilopaskali 101. Hata ukiondoa kizuizi chote, jambo lisilowezekana, unachookoa ni asilimia 1 au 2 ya hewa, na ni pale tu unapokanyaga mafuta hadi mwisho.

Kwenye foleni ya Morogoro Road au Thika Road hukanyagi hivyo. Mshale uko kwenye 2,000, na throto imefunguka kidogo tu. Kizuizi kikubwa wakati huo ni kile kibati cha throto chenyewe, ambacho ndicho unachokitumia kupunguza mwendo wa injini. Msukumo nyuma yake unashuka hadi chini ya nusu ya ule wa nje, na chujio haliwezi kubadili lolote. Ndiyo sababu hakuna mafuta yanayookolewa. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 kwa magari ya petroli yenye kompyuta: hata chujio lililoziba halikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyopo. Kilichoharibika ni uwezo wa kuchanganya. Maadamu chujio lililoziba halikuongeza ulaji, chujio linalopitisha hewa zaidi ya lile safi la kiwandani halina la kupunguza.

Sasa linganisha na joto. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi 10 inazopanda. Koni iliyo wazi nyuma ya rejeta, kwenye foleni ya Dar mchana, inavuta hewa ya nyuzi 60 au zaidi badala ya nyuzi 32 za nje. Umepoteza kama asilimia 8 ya hewa ili uokoe asilimia 1. Gari likishika kasi barabarani joto hilo hupungua, lakini gari la mjini linahitaji nguvu pale linapoondoka kwenye taa, na hapo ndipo koni inapolinyima.

Kwa walio nyanda za juu kuna la kuongeza. Nairobi, kwenye mita kama 1,700, msukumo wa hewa ni karibu kilopaskali 82. Injini isiyo na tabo inaanza ikiwa imepungukiwa karibu moja ya tano ya hewa ya Mombasa. Hakuna chujio linaloirudisha hewa hiyo, na anayelalamika kwamba Vitz ya 1,000 haipandi mlima akaangalie plagi, gia na uzito aliobeba.

Kipenyo kwenye sensa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea na injini nyingi huumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Tazama bomba au kifuniko cha boksi baada ya chujio. Ukiona plagi ndogo yenye nyaya tano imefungwa kwa skrubu mbili, hiyo ni sensa ya kupima hewa. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa inayopita huupoza, na kompyuta hukisia kiasi cha hewa kutokana na umeme unaohitajika kuurudishia moto wake. Sensa haioni bomba zima, inaonja kasi ya hewa mahali ilipo tu. Kompyuta imeandikiwa kiwandani kwamba kasi fulani ndani ya bomba la kipenyo fulani ni gramu fulani za hewa.

Ukiihamishia sensa ileile kwenye bomba pana zaidi, kasi inashuka ingawa hewa ni ileile. Tuseme bomba la asili lina kipenyo cha ndani cha milimita 60, na uliloletewa lina 70. Eneo limeongezeka mara 1.36, na kompyuta itaona robo pungufu ya hewa iliyopo. Itapiga petroli kwa hesabu hiyo ya uongo na mchanganyiko utakuwa mkavu, yaani petroli kidogo kwa hewa nyingi. Hata bomba la inchi mbili na nusu, yaani milimita 63.5, linaipotosha kwa asilimia 11 hivi. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye egzosti italigundua kosa na kompyuta itaongeza petroli polepole. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta za magari haya huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kutegemea kipimo cha hewa pamoja na masahihisho iliyojifunza. Mchanganyiko mkavu chini ya mzigo mkubwa ndio unaoleta kugonga kwa injini na joto la kuunguza valvu.

Kwa hiyo toa sensa, ingiza kalipa kwenye tundu la asili, pima kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa, uandike. Bomba jipya lilingane na kipimo hicho ndani ya nusu milimita. Makoni mengi ya jumla yana shingo ya milimita 76 na ringi za mpira za kupunguzia. Ringi hizo hukusaidia kubana chujio, hazirekebishi kipenyo kwenye sensa. Suluhisho salama ni kukata na kubaki na kipande cha asili kinachobeba sensa, au kununua seti iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako, si ya "magari yote". Kabla ya sensa kuwe na sehemu iliyonyooka, angalau sentimita 10, maana kona kali huitupa hewa upande mmoja wa bomba na usomaji unayumba. Kama kuna wavu au sega la plastiki mbele ya sensa, libaki. Na mshale ulio kwenye sensa uelekee injini.

Si kila gari dogo lina sensa hii. Honda Fit ya kizazi cha kwanza, ile ya GD, hupima msukumo ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), na kipenyo cha bomba hakiipotoshi kompyuta. Hapo una uhuru zaidi, lakini umepoteza mlinzi pia. Ukiwa na tundu kati ya chujio na throto, gari halitakuonyesha dalili yoyote. Litavuta vumbi kimya kimya.

Nyenzo ya chujio

Vumbi la barabara ya udongo lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe za mikroni 5 hadi 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa zinatosha kuingia kwenye utando wa oili kati ya ringi na ukuta wa silinda na kuusaga. Dalili huja baada ya muda mrefu: oili inapungua, moshi wa bluu asubuhi, mgandamizo umeshuka. Kwa anayepita barabara yoyote ambayo lami haijafika, uwezo wa kuzuia vumbi ni muhimu kuliko uwezo wa kupitisha hewa.

Karatasi ya kiwandani, ya Denso au ya Toyota yenyewe (namba zake huanza na 17801), inafanya kazi hiyo vizuri mno. Tatizo ni karatasi za bandia: mpira wa ukingoni mgumu usiokaa kwenye mfereji wa boksi, na mikunjo michache. Bonyeza ukingo kwa kidole kabla ya kulipa, unatakiwa uwe laini na urudi.

Machujio ya pamba yenye mafuta, ambayo K&N ya California iliyatangaza kuliko wengine wote, hufuliwa na kutumika tena kwa miaka. Yale bapa ya kuingia kwenye boksi la asili ni chaguo la heshima kwa anayetembea lami na yuko tayari kuyahudumia. Kuyahudumia ndiko kunakoshinda wengi. Linaoshwa kwa dawa yake, linasuuzwa kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande safi kwenda upande mchafu, linakaushwa kivulini bila kompresa. Kwa unyevunyevu wa pwani liache usiku mzima. Kisha mstari mwembamba wa mafuta yake kwenye kila mkunjo, subiri dakika 20, gusia palipobaki peupe. Mafuta yakizidi husafiri na hewa na kuganda kwenye ule waya wa sensa. Baya kuliko yote ni kulipaka oili ya injini kama wafanyavyo baadhi ya mafundi. Oili hiyo haishiki vumbi, inatiririka.

Machujio makavu ya nyuzi za plastiki, mfano wa yale ya AEM, huoshwa bila kupakwa kitu. Kwa gari lenye sensa ya waya hayo ndiyo ningeyaweka mbele ya pamba. Sponji huchakaa kwa joto na kumeguka, ibadilishwe kabla haijaanza kutoa unga. Makoni ya wavu wa chuma cha pua, ambayo baadhi ya magari kutoka Japani hufika bandarini yakiwa nayo tayari, yalikusudiwa lami safi. Ukilinunua gari lenye koni hiyo, litafutie boksi la kiwandani mapema.

Muuzaji akikutajia asilimia za kuchuja, muulize kama kipimo ni cha ISO 5011, kiwango cha kimataifa cha kupima machujio ya hewa, kisha uzisome kwa upande wa pili. Asilimia 99 na asilimia 98 zinaonekana karibu sawa, lakini vumbi linalopita limeongezeka maradufu.

Eneo nalo huhesabika dukani. Hesabu mikunjo, zidisha kwa kina cha mkunjo, zidisha kwa 2, zidisha kwa upana. Chujio bapa lenye mikunjo 50 ya kina cha milimita 25 na upana wa 170 lina mita za mraba 0.43 hivi. Koni fupi yenye mikunjo 40 ya kina cha 15 na urefu wa 120 ina 0.14. Koni inaonekana kubwa kwa kuwa iko nje, lakini hiyo fupi ina theluthi moja tu ya eneo la kushika vumbi, na itaziba mapema.

Koni ya chini na maji

Kuna seti zinazoshusha bomba hadi nyuma ya bampa ili kufuata hewa baridi. Kwa hesabu ya joto ni sahihi. Kwa Dar ya masika, kati ya Machi na Mei, ni hatari. 2NZ-FE ina mgandamizo wa 10.5 kwa 1, maana yake pistoni ikifika juu inabakiza nafasi ya mililita 34 tu, vijiko viwili vya chakula na ushei. Maji hayabanwi. Yakizidi hapo kwenye silinda moja, konrodi inapinda au inatoboa bloku. Koni iliyo sentimita 25 kutoka barabarani inafikiwa na dimbwi ambalo mdomo wa kiwandani usingelijua. Gari likizimika majini, usipige stata. Vutwa nje, toa plagi zote, ndipo uzungushe injini maji yatoke.

Anayetaka sauti na hewa baridi kwa pamoja atafute boksi lililofungwa lenye koni ndani, likipokea hewa kupitia mdomo wa asili wa mbele. Ngao ya bati isiyogusa boneti haizuii joto la foleni.

Kufunga

Injini iwe baridi. Toa waya hasi wa betri kwa spana namba 10 na uache dakika 10 au zaidi, ili kompyuta isahau masahihisho ya zamani. Chomoa plagi ya sensa kwa kubonyeza kibano chake, usivute nyaya. Skrubu za sensa ni laini, bisibisi ya nyota iwe ya saizi kamili. Usiguse waya wa ndani. Ukiwa na uchafu tumia dawa ya kupuliza iliyoandikwa kwa ajili ya sensa ya hewa, si ile ya kabureta.

Kabla ya kutoa mpira wa mikunjo, piga picha hozi ndogo zote zilizoungana nao. Ile inayotoka kwenye kifuniko cha valvu ndiyo inayosahaulika au kuachwa hewani na kichujio kidogo cha mapambo. Kupitia hozi hiyo injini huvuta hewa safi iliyokwisha kupimwa na sensa, ikaingia kwenye karta (chemba ya oili chini ya injini) na kutoka kupitia valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa karta kwenye injini. Ukiiachia nje, hewa isiyopimwa na isiyochujwa inaingia moja kwa moja na injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Bomba jipya lazima liwe na kiungio chake, na kiwe baada ya sensa.

Klipu za hozi zikazwe hadi mpira uanze kuvimba kidogo pembeni, basi. Bomba refu lishikiliwe kwa kibati chenye raba kwenye bodi, kwa sababu injini inacheza na bodi imetulia, na bila kibati mzigo wote unabebwa na plastiki ya throto. Acha angalau milimita 15 kati ya bomba na kila kitu kingine, kisha funga boneti taratibu ukiwa na kipande cha udongo wa kuchezea juu ya koni uone kama inagusa.

Kusoma matokeo

Kifaa kidogo cha bluetooth cha ELM327, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na programu ya simu vinatosha, ingawa Toyota nyingi za soko la ndani la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikubali kuzungumza nacho na utahitaji mashine ya fundi. Tazama namba mbili zinazoandikwa STFT na LTFT, yaani masahihisho ya petroli ya muda mfupi na ya muda mrefu, injini ikiwa na joto. Kwa jumla zikiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri, mambo ni sawa. Zikiwa juu wakati wa sailensa na kushuka unapofikisha mizunguko 2,500, una tundu baada ya sensa au ile hozi imesahaulika. Zikiwa juu mizunguko yote, hasa kadiri hewa inavyozidi, kipenyo kwenye sensa ni kikubwa mno. Taa ya injini ikiwaka na msimbo wa P0171, mchanganyiko umekuwa mkavu kupita uwezo wa kompyuta kuurekebisha. P0102 au P0113 mara nyingi ni plagi ya sensa ambayo haikubana.

Baada ya wiki mbili za barabara ya kawaida, fungua bomba upande wa throto na upanguse ndani kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Wingu jepesi la mafuta kutoka kwenye karta ni la kawaida. Ukisugua kitambaa kati ya vidole na kusikia mchanga, kitu hakijaziba: angalia ukingo wa chujio, mshono wa bomba na klipu kwa mpangilio huo. Kama zote ziko sawa na mchanga bado upo, chujio lenyewe ndilo linapitisha. Litoe siku hiyohiyo, urudishe karatasi ya kiwandani ndani ya boksi lake.